Bwana Maji na Birika la Mama Mkwe

Mtaani kwake walimwita Bwana Maji, na jina hilo hakupewa na mzazi wala hakulipata kwa kuuza maji. Alilipata kazini. Alikaa nyuma ya kaunta ya kituo cha huduma cha kampuni moja ya vifaa vya umeme, kampuni inayounganisha televisheni, redio, pasi, feni na mabirika kwenye ghala pembezoni mwa mji, na kazi yake ilikuwa kupokea vifaa vilivyoharibika kabla waranti haijaisha. Nimesema kupokea. Kutengenezewa ni habari nyingine, na kupewa kipya, hiyo ni hadithi ya kubembelezea watoto.

Tena msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. La hasha! Mpole, msafi, shati limenyooka, kalamu mfukoni, kazini anafika kabla ya wenzake wote. Ujanani alikuwa fundi redio kwelikweli, na kibanda chake mwenyewe. Ukimletea redio iliyokufa, anahangaika nayo mpaka ikohoe. Kampuni ilipomwajiri ikampeleka semina kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, akanywa soda, akapewa kofia, na huko akafundishwa kwamba ufundi ni kitu kizuri sana lakini una gharama. Mteja akileta kifaa, walimwambia, usiulize kina tatizo gani. Uliza mteja amekifanyia nini.

Na wateja, wallahi, walikuwa na makosa! Umeme ukizidi, kosa la mteja. Ukipungua, kosa la mteja vilevile, kwa sababu kijitabu kilichomo ndani ya boksi kilisema wazi kwamba kifaa kimeundwa kwa umeme tulivu, na kama kwenu umeme tulivu haupo, hilo ulipaswa kulifikiria kabla ya kununua. Vumbi, kosa la mteja. Mende akiingia ndani ya televisheni kuota joto lake, hilo ndilo kosa kubwa kabisa, maana mende huyo kalelewa na nani? Shida ni kwamba sababu zote hizo zilikuwa na ubishi. Mtu atakuapia mbele ya watu kwamba nyumbani kwake hajapata kuonekana mende. Maji ndiyo yalikuwa hayana ubishi.

Kila kifaa kilichotoka kiwandani kilikuwa kimebandikwa kidoti cha karatasi, kidogo kama punje ya mahindi, rangi yake nyeupe. Kikinusa unyevu kinageuka chekundu, na kikishageuka hakirudi tena. Utaalamu huo, ndugu zangu! Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo wafanyakazi wote waliijua na hakuna aliyethubutu kuisema: paa la ghala lilikuwa linavuja. Msimu wa mvua vidoti vilikuwa vinageuka vikiwa bado kwenye makasha, kabla havijabandikwa popote. Basi kifaa kinatoka kiwandani kipya, kinang'aa, kina stika kubwa ya bendera iliyoandikwa "Tumekiunda Wenyewe", na ndani yake kidoti kimekwisha kuwa chekundu kitambo. Kwenye stika ile angalau hawakudanganya.

Bwana Maji alifungua skrubu, akachungulia, akatamka: "Maji yameingia." Kisha mhuri, pa! Anayefuata. Pasi, maji yameingia. Feni ya juu ya dari, maji yameingia. Yameingiaje huko darini? Hilo atajua mwenye dari.

Kitu kimoja kilimsaidia sana katika kazi hii: hakutazama mtu usoni. Siku za mwanzo alikuwa anatazama, na ikamponza. Alikuja mzee mmoja kaikumbatia redio yake kama mtoto mwenye homa, macho yao yakakutana, na Bwana Maji akaichukua ile redio akaitengeneza kwa mkono wake. Meneja alipopata habari alimwita ofisini akamuuliza anataka kazi au anataka kwenda peponi. Alichagua kazi. Tangu siku hiyo akajizoesha kuwaona wateja kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, basi, huko juu kwingine hakukumhusu.

Sasa mtu huyu alikuwa anataka kuoa.

Umri ulikuwa umeshamsogelea, nywele za pembeni zimeanza kuwa na mvi, na dada yake aliyekuwa akiishi naye alikuwa amechoka kumpikia. "Kaka, mimi si mkeo," alikuwa akimwambia kila anapomwekea sahani. Ndipo akampata fundi cherehani. Huyu alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, anayeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Bwana Maji alimpelekea suruali ya kupunguza, akarudi na nyingine ya kuongeza, na mambo yalipomkolea akawa anafumua mishono yake mwenyewe kwa wembe ili apate sababu ya kwenda. Alimpenda. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe alikuwa haliwezi, anabaki kukunja na kukunjua suruali.

Fundi cherehani naye alimkubali. Kikwazo kilikuwa mama. Tumwite Mama Mkwe, ingawa cheo hicho kilikuwa bado hakijathibitishwa. Mama huyu alikuwa amemlea binti yake peke yake, mtoto wa pekee, na hakuwa tayari kumtoa kwa yeyote kwa sababu ya shati lililonyooka. Bwana Maji alipopelekwa kutambulishwa alikaa ukingoni mwa kiti macho yakiwa sakafuni, kama inavyompasa mtu aliye ukweni, akajibu "ndiyo mama" na "hapana mama" mpaka chai ikapoa. Mama Mkwe akasema hana neno, ila ampe muda, anataka kumtazama kwanza. Aje Jumamosi nyingine atapewa jibu.

Kabla hajaondoka Bwana Maji akatoa zawadi yake: birika la umeme, jipya, kutoka kampuni yake mwenyewe. Mama Mkwe alikuwa mtu wa chai. Asubuhi chai, mchana chai, akiudhika chai. Alilipokea birika kwa mikono miwili.

"Lina waranti ya miaka miwili, mama," Bwana Maji akajisifu, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikatoka. "Likikusumbua hata kidogo, unaniletea mimi."

Hayo aliyasema kwa ulimi wake. Hakulazimishwa na mtu.

Birika likafanya kazi kwa adabu kwa siku chache, kisha Alhamisi asubuhi likagoma. Mama Mkwe akalichomeka, akalichomoa, akabadilisha soketi, akaligonga kidogo ubavuni kama tunavyofanya sote. Wapi! Halikuwaka taa wala halikutoa joto. Mama wa watu akakaa chini akafikiri. Akimwambia binti yake, binti atamsimanga mchumba kwa kuleta takataka, na kijana ataona haya. Akingoja Jumamosi amwambie mwenyewe, atamwaibisha mbele ya chai. Basi kwa wema wake, na huo wema ndio unaonitia uchungu mimi ninayesimulia, akavaa nguo yake ya kutokea, akalitia birika kwenye mfuko, akamwambia binti yake anakwenda mara moja mjini, na akaenda kupanga foleni kwenye kituo cha huduma kama mteja mwingine yeyote. Alitaka kulibadilisha kimya kimya yasemwe yaishe. Na moyoni, kwa kuwa mama ni mama, alitaka pia kumwona kijana akiwa kazini.

Foleni ilikuwa ndefu na viti vilikuwa vya maonyesho tu, vimefungwa kamba. Akasimama. Mbele yake mwanamke mwenye pasi akaambiwa maji yameingia. Akafuata kijana mwenye spika, nayo maji yameingia. Mama Mkwe aliyasikia yote hayo, lakini alijisemea pengine kweli watu siku hizi hawatunzi vitu. Zamu yake ikafika, akaliweka birika juu ya kaunta.

"Hujambo, mwanangu?" akasema.

Mkwe mwema angeruka kwenye kiti akaamkia. Huyu wetu alikuwa ameshaligeuza birika kichwa chini na bisibisi mkononi.

"Shida?"

"Limekataa kuchemsha. Nimelitumia siku chache tu, baba."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kiwandani hakuna aliyekaa kufikiri kipi kibandikwe kidoti na kipi kisibandikwe. Amri ilikuwa kila kitu, na kila kitu maana yake kila kitu. Kwa hiyo chini ya birika, ndani ya kitako, kidoti kilikuwepo, tena chekundu kama pilipili. Bwana Maji akakiona. Mkono ukaenda kwenye mhuri wenyewe bila kutumwa.

"Maji yameingia," akatamka. Pa!

Kisha mzee mmoja aliyekuwa na redio huko nyuma akauliza kwa sauti, kwa adabu kabisa: "Samahani, bwana mkubwa. Birika ulitaka liingie nini, uji?"

Wee! Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mwenye pasi, aliyekuwa amefika mlangoni, akarudi ndani ili asipitwe. Hata mlinzi alicheka, na yule alikuwa hajacheka tangu aajiriwe. Kelele zilipozidi Bwana Maji akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu: akainua macho. Na mbele yake, mfuko mkononi, katika nguo yake ya kutokea, amesimama Mama Mkwe.

"Mama!"

"Naam, baba."

Hakucheka yeye. Wala hakukasirika. Alimtazama tu kama mtu anayengoja chenji yake.

Na hapo ndipo palipokuwa na nafasi, jamani. Palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha roli. Angesema, "Nisamehe mama, nimekosea, ngoja nikuletee jingine." Maneno machache tu. Watu wangeendelea kucheka, yeye naye angecheka, na leo ningekuwa nasimulia harusi. Mdomo wake ulishaanza hata kufunguka. Lakini kicheko kilikuwa kimemtoa Meneja kwenye chumba chake cha vioo, tai imelegea, na amesimama nyuma ya kiti cha Bwana Maji.

"Kuna nini hapa?"

"Birika, bosi."

"Kidoti?"

"Chekundu, bosi."

"Basi kuna mjadala gani?" Meneja akautazama ukumbi, na ukumbi mzima ulikuwa umekodoa macho. Akainama akamnong'oneza: "Ukibadilisha hili moja, hawa wote watataka. Unanielewa?"

Bwana Maji alielewa. Alimtazama Meneja, akautazama ule umati na pasi zao na spika zao, akamtazama mama wa mwanamke anayempenda. Tena alimtazama usoni, vizuri, si kiwiko.

"Mama," akasema, "huo ndio utaratibu."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

Angenyamaza basi! Kunyamaza nako kungemsaidia. "Ndivyo kidoti kinavyoonyesha, mama."

"Haya, baba. Ahsante." Akalirudisha birika kwenye mfuko, akauweka vizuri na waya wake usiburuzike, akatoka. Watu walimpisha njia. Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu mlinzi, ambaye siri kwake haikai, alikuwa ameshawanong'oneza kwamba yule mama ndiye mkwe wa yule bwana.

Meneja aliposikia hayo alifurahi mno. Mchana akawakusanya wafanyakazi wote karibu na mtungi wa maji ya kunywa, akamshika Bwana Maji bega, akasema kampuni inajengwa na watu wa aina hii, wasiojua ndugu wala rafiki, na kwamba ile nafasi ya msimamizi wa kituo iliyokuwa wazi imeshapata mwenyewe. Wakampigia makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alikuwa ametia mtungi mzima. Alishukuru kwa sauti ndogo, akarudi kwenye kaunta, na mteja aliyefuata alilazimika kumwita mara mbili.

Nyumbani dada yake alikuwa ameshapata habari. Habari za namna hiyo hazihitaji nauli.

"Mama wa watu umemfanya mkosaji?" akamvaa mlangoni. "Birika ulilompa mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Bosi alikuwa nyuma yangu."

"Na mkweo alikuwa mbele yako! Nenda kaombe radhi. Usingoje Jumamosi. Na usiende na birika, nakuomba, nenda na mdomo wako tu."

Alikwenda na birika. Dada zetu wanasema nini na sisi tunasikia nini, Mungu ndiye ajuaye. Tena alinunua kubwa zaidi, la chuma kinachong'aa, kutoka kampuni ileile, kwa punguzo la wafanyakazi, na waranti yake ya miaka miwili ndani ya boksi.

Alimkuta Mama Mkwe uani akipuliza moto wa mkaa chini ya sufuria. Fundi cherehani alikuwa amekaa mlangoni na sare ya mtoto mapajani, anakata nyuzi. Bwana Maji akaamkia, na safari hii aliamkia mpaka magoti yakakunjika.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Aliomba radhi pale pale akiwa wima, na niseme haki, aliomba vizuri. Alisema amekosa, amemwaibisha mzazi, mkono wake umezoea kazi mbaya, hana la kujitetea. Machozi yalimlenga. Akaliweka boksi chini, taratibu, karibu na jiko.

Mama Mkwe aliligeukia boksi lakini hakuligusa.

"Mimi birika halikuniuma," akasema. "Ni birika. Na kwamba hukuniona mwanzoni nako hakukuniuma, nilijua umechoka, watu wengi. Nilicheka hata njiani peke yangu. Lakini uliponiona ukanijua, baba, ukaniambia kosa ni langu." Akapuliza moto tena kidogo. "Huyu mwanangu naye siku moja atasimama mbele yako na lake limeharibika. Mwili wake, au mtoto wake, au hata kazi yake. Na nyuma yako atakuwepo mtu. Nyuma ya mwanamume hakukosekani mtu."

Bwana Maji aliangalia sufuria, maji yalikuwa yameanza kuchemka.

"Mimi jibu langu ni hapana," mama akamalizia, bila ukali. "Lakini mimi siolewi. Muulize mwenyewe."

Bwana Maji akamgeukia mchumba wake. Fundi cherehani alikuwa ameacha kukata nyuzi. Usoni hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Mama aliponisimulia nilicheka," akasema. "Nilicheka mpaka nikadondosha sindano. Nikasema masikini, mchumba wangu, watu watamtania mwaka mzima, nitamtania na mimi. Nilikuwa nakungoja uje tucheke." Akaikunja ile sare, akaikunja tena. "Halafu akanieleza uliinua macho. Akanieleza na ulichosema baada ya kuinua macho."

"Niliogopa kazi," Bwana Maji akasema. "Niliogopa kupoteza kazi. Kazi hiyohiyo ndiyo ingekulisha."

"Najua."

"Nilifanya kwa ajili yetu."

"Najua," akasema fundi cherehani. "Basi kazi bado unayo."

Akainuka, akalichukua boksi la birika pale chini, akamrudishia mikononi kwa upole, akamsindikiza mpaka kwenye mlango wa mbele. Alimshikia mlango mpaka alipotoka, kisha akaufunga.